Namna ya kuongoza jumuiya kuisoma habari ya Yusufu na kaka zake

Wengi wanaofundisha habari ya Yusufu huishia Mwanzo 45. Yusufu anasema "Mimi ni Yusufu", anawaangukia nduguze shingoni na kulia, kikao kinafungwa kwa wimbo na kila mtu anakwenda kwake roho nyeupe. Ila kaka zake Yusufu wenyewe roho zao hazikuwa nyeupe. Fungua Mwanzo 50:15-21 utawakuta miaka 17 baadaye, mzee Yakobo ameshazikwa, na hofu imewashika upya. Miaka yote hiyo wamekula chakula chake na kulisha mifugo kwenye ardhi aliyowatafutia, lakini hawajaamini kwamba wamesamehewa. Waliona amani ile ilishikwa na mzee, na sasa mzee hayupo.

Hali hiyo tunaijua sana Mtwara na Lindi. Mzee akiwa hai shamba la mikorosho ni la wote. Akishafariki, miti inahesabiwa upya, na maneno yaliyomezwa miaka 20 yanatoka siku moja. Ndiyo maana mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya katekista, mwinjilisti, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo au yeyote anayeombwa kuongoza tafakari, umepangwa ili uzito wake uangukie sura ya 50.

Wakati, mahali na watu

Panga vikao vitatu, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 75. Ukijaribu kumaliza habari yote siku moja utaishia kusimulia tu, na kusimuliwa watu wameshasimuliwa tangu shule ya Jumapili.

Wakati mzuri ni Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Kazi ya kupulizia salfa inakuwa imepungua, wenye ufuta wa Ruangwa na Nachingwea wameshauza, na korosho hazijaanza kuokotwa kwa wingi. Usipange Oktoba hadi Desemba. Minada ikianza na malipo yakaingia benki, kila neno kuhusu ndugu na mali litasikika kama linamlenga mtu fulani, na mwongozaji ataonekana ametumwa.

Watu 8 hadi 14 wanatosha. Wakizidi hapo, wanaozungumza ni walewale watatu. Wakae duara, kwenye mkeka au viti, barazani au chini ya mwembe, mradi wote wawe kimo kimoja; mzee akikaa kwenye kiti na vijana chini, vijana hawatasema. Simu zizimwe. Biblia iwe ya tafsiri moja kwa wanaosoma kwa sauti. Mmoja akisoma Union na mwingine Habari Njema, nusu ya muda itapotea kwenye kulinganisha maneno.

Kama unajua wapo ndugu wawili wenye kesi inayoendelea, waone mmoja mmoja kabla ya kikao cha kwanza. Waambie: "Tutasoma habari ya ndugu waliomwonea wivu ndugu yao. Kesi yenu haitatajwa, nami sitamruhusu mtu yeyote aitaje. Ukiona ni nzito, usije, hakuna atakayekuuliza." Mtu akija bila kuambiwa hivyo atajiona amewekewa mtego, na atakuwa na haki.

Kikao cha kwanza: Mwanzo 37

Soma sura nzima kwa sauti. Ina mistari 36, kama dakika saba hivi. Gawa sauti: msimulizi, Yakobo, Yusufu, Reubeni, Yuda, na mtu mmoja wa kusema maneno ya kaka wengine. Nafasi ya Yusufu mpe kijana, maana Yusufu ana miaka 17. Usimpe nafasi ya Yuda mtu anayejulikana ana ugomvi na nduguye.

Baada ya kusoma nyamazeni dakika mbili kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika mbili za kimya ni ndefu na mwongozaji huwa wa kwanza kuzikatisha. Kisha uliza swali moja tu: "Umesikia nini ambacho zamani hukukisikia?" Usiulize "tunajifunza nini", swali hilo huleta majibu ya mtihani.

Majibu yakianza, yapo mambo ambayo inafaa uyajue vizuri ili uyaunge mkono yakitajwa, au uyaonyeshe mwenyewe yasipotajwa.

La kwanza ni kwamba wivu haukuanza na ndoto. Mstari wa 2 unasema Yusufu alikuwa akimpelekea baba habari mbaya za wana wa Bilha na Zilpa. Mstari wa 3 unaeleza kanzu. Mstari wa 4 unasema kaka zake hawakuweza kusema naye kwa amani. Ndoto zinakuja mstari wa 5. Nyumba ilikuwa imepasuka tayari, na aliyeipasua zaidi ni baba, aliyempenda mmoja mbele ya macho ya wengine. Hapo watu wa familia za mama zaidi ya mmoja wataelewa haraka. Wana 12 wa Yakobo ni wa mama wanne: Lea, Raheli, Bilha na Zilpa. Acha waeleze wenyewe, ila zuia mtu asimlaumu mama yeyote aliyepo au aliyekufa.

La pili litaulizwa hasa na Wamakonde, Wamwera na Wayao wanaokumbuka nafasi ya mjomba katika ukoo: "Wajomba wa watoto hawa walikuwa wapi?" Ni swali zuri sana na lina jibu. Wajomba wa wana wa Lea na Raheli ni wana wa Labani, nao wako mbali, Harani. Mwanzo 31 inaeleza jinsi Yakobo alivyomtoroka Labani, baba mkwe wake, wakaafikiana mlimani, wakarundika mawe yawe mpaka kwamba hakuna atakayevuka kwenda kwa mwenzake kwa ubaya. Basi watoto walikua bila mjomba wa kuwaweka chini na kuwasuluhisha. Swali hili likitoka, lipe dakika kumi, usilikimbie. Litawafanya wajomba waliopo waanze kujihesabu bila wewe kuwaambia.

La tatu ni shimo. Mashimo ya kule Kanaani yalichimbwa kuhifadhi maji ya mvua, mdomo mwembamba na tumbo pana, kiasi kwamba aliyetupwa ndani hapandi bila kamba. Msikilizaji wa Newala au Tandahimba, ambako watu wamezoea kuvuna maji ya mvua kwenye visima vilivyochimbwa uani, hahitaji picha nyingine. Mwambie tu asome tena mstari wa 24 na 25: shimo lilikuwa tupu, halina maji, nao wakaketi kula chakula. Wanakula, na mdogo wao yuko shimoni, karibu vya kutosha kusikika.

La nne ni kuuzwa, na hapa nenda taratibu. Waishmaeli walikuwa msafara wa ngamia kutoka Gileadi kwenda Misri. Bei ilikuwa vipande 20 vya fedha. Walawi 27:5 inataja kiasi hichohicho kwa mwanamume wa miaka 5 hadi 20. Kusini mwa Tanzania hii si habari ya mbali. Misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia Kilwa Kivinje na Mikindani, na Masasi yenyewe mwaka 1876 ilianzishwa kuwa kituo cha misheni kwa watu waliokombolewa utumwani, waliokuja na Askofu Edward Steere. Wapo watu ambao kwenye koo zao bado inasemwa kimyakimya nani alikuwa mwana wa nani, na nani aliuzwa na nani. Sema historia hiyo kwa sentensi mbili kisha uiache. Usimwombe mtu yeyote asimulie ya ukoo wake. Na mtu akiuliza mbona baadaye Yusufu mwenyewe, katika Mwanzo 47, aliwafanya Wamisri kuwa watumwa wa Farao kwa sababu ya njaa, kubali kwamba imeandikwa hivyo na kwamba aliyewahi kuuzwa hakuwa salama na kosa la kuuza.

Malizia kwa mstari wa 32. Kaka wanapeleka kanzu yenye damu ya mbuzi na kumwambia baba aitambue kama ni kanzu ya mwanawe. Wamesema "mwanao". Neno "ndugu yetu" halikuwatoka. Somesha mstari huo mara mbili, omba sala fupi, funga. Usiweke maombi ya kusameheana leo. Bado hakuna aliyekiri chochote, na katika habari hii yenyewe itachukua miaka mingi.

Kosa la kawaida la kikao hiki ni watu kugawana nafasi: "Mimi ndiye Yusufu kwetu." Kila aliyeonewa wivu, au anayedhani ameonewa, hujiona Yusufu, hakuna anayejiona Yuda. Ukisikia hivyo usibishane naye. Waombe wote, kwa wiki inayofuata, wajaribu kuisoma sura hii wakiwa upande wa wale walioketi kula.

Kikao cha pili: Mwanzo 42 hadi 45

Wewe mwongozaji soma sura ya 38 nyumbani peke yako. Si ya kusoma mbele ya watoto, lakini bila hiyo hutamwelewa Yuda. Katika 38:26, Yuda, aliyeshauri nduguye auzwe, kwa mara ya kwanza anakubali hadharani kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Mabadiliko yake yanaanzia pale.

Sura 39 hadi 41 zisimulie kwa dakika mbili: nyumba ya Potifa, gereza, ndoto za Farao, Yusufu kusimamishwa mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Kisha someni 42:6-24, 43:29-34, sura ya 44 yote, na 45:1-15. Ni mistari 74, kama robo saa. Badilisha wasomaji katikati ili sauti isichoke.

Andika hesabu hii kwenye karatasi au ubao, kwa sababu watu wengi hudhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17. Alipokuwa na 30 akatoka gerezani. Ikafuata miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa. Anajitambulisha kwa nduguze akiwa na miaka 39. Ni miaka 22.

Katika sura ya 42 msimamishe msomaji kwenye mstari wa 21. Kaka wanasemezana: tulimkosea ndugu yetu, tuliona shida ya nafsi yake alipotusihi, nasi hatukumsikiliza. Rudini kwenye sura ya 37 mtafute mahali Yusufu anapowasihi. Hampo. Tangu anyang'anywe kanzu hadi anauzwa hatamki neno. Kilio chake kimekaa masikioni mwa waliomtupa kwa miaka 22, ndipo kikaandikwa. Acha watu walikute hili kwa vidole vyao wenyewe kwenye ukurasa, usiwaambie mapema. Jumuiya ikifika hapa huwa kimya bila kuombwa.

Halafu waeleze vitendo vya Yusufu vinavyowatatiza wengi: kuwaita wapelelezi, kumfunga Simeoni, kurudisha fedha kwenye magunia, kuficha kikombe kwenye gunia la Benyamini. Wengine husema analipa kisasi. Kwa maoni yangu 43:34 inajibu vizuri zaidi. Anawaketisha kwa umri wao, kisha Benyamini, mwana mwingine wa Raheli, anapewa sehemu mara tano ya wenzake. Anaurudisha upendeleo uleule mezani ili aone kama bado unawauma. Kisha kwa kikombe anawapa nafasi ya kumwacha mtoto wa Raheli Misri na kurudi nyumbani salama, kama walivyofanya mara ya kwanza. Mazingira ni yaleyale, na safari hii hata lawama wasingepata, maana kikombe kimekutwa.

Na Yuda hakumwacha. Hotuba yake, 44:18-34, isomwe na mtu mzima mwenye sauti iliyotulia, asiharakishwe. Mstari wa kushikilia ni wa 27. Yuda anayarudia maneno ya baba yake: mke wangu alinizalia wana wawili. Yuda ni mwana wa Lea. Baba yake amesema "mke wangu" akimaanisha Raheli peke yake, na "wana wawili" kana kwamba yeye Yuda hakuzaliwa. Maneno kama hayo ndiyo yaliyozaa sura ya 37. Baba hajabadilika hata kidogo. Bado ana mtoto anayempenda kuliko wengine na bado analisema waziwazi. Aliyebadilika ni Yuda, anayelitamka jeraha lake mwenyewe kwa ajili ya kumtetea baba, kisha katika mstari wa 33 anaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana.

Mambo mengine ya kikao hiki yanaweza kupunguzwa. Hili lisipunguzwe. Familia nyingi hungoja mzazi akiri kwamba alipendelea ndipo ndugu wapatane, na mzazi huyo pengine ameshazikwa. Uliza: "Kama baba hatakiri kamwe, nini kinaweza kufanyika kati yetu sisi watoto?" Toa muda wa kutosha, angalau dakika 15, na usijibu wewe.

Swali jingine litakalokuja: mbona Yusufu akiwa mkuu wa Misri kwa miaka 9 hakumtumia baba hata ujumbe? Maandiko hayasemi sababu. Usitunge. Sema hayasemi, na endelea.

Fungeni kwa kulinganisha mistari miwili: 37:4, hawakuweza kusema naye kwa amani, na 45:15, baada ya kulia na kubusiana, nduguze wakazungumza naye. Waambie kikao bado kimoja. Watashangaa, maana wanaona hadithi imekwisha. Mpe kila mmoja swali la kwenda nalo: katika sura ya 45, ni wapi kaka zake wanaomba msamaha? Watarudi wiki ijayo wakisema hawakuona. Ni kweli, haupo.

Kikao cha tatu: Mwanzo 50:15-21

Mistari saba tu, na kikao kizito kuliko vyote. Someni mara tatu, wasomaji watatu tofauti, na kimya cha dakika moja kati ya msomaji na msomaji.

Kwenye ubao ongeza hesabu: Yakobo aliishi Misri miaka 17 (47:28), kwa hiyo tangu siku ya shimo imepita miaka 39. Sasa, kwa mara ya kwanza, kaka wanatamka neno la kuomba wasamehewe. Na tazameni wanavyolitamka. Hawaendi wenyewe, wanatuma watu. Hawasemi "tulikuuza", wanasema baba aliagiza kabla ya kufa kwake. Hakuna mahali popote Maandiko yanapoonyesha Yakobo akitoa agizo hilo. Inawezekana kabisa wamelitunga. Ombi la msamaha limefichwa nyuma ya jina la marehemu.

Usiwacheke kaka hawa na usiruhusu wachekwe. Katika kila kikao cha ukoo kuna mtu anayesema "marehemu aliniambia", na mara nyingi ni mtu mwenye hofu. Uliza kundi: "Mtu akikuomba radhi kwa njia mbovu hivi, utaipokea?" Mpe kila mtu dakika moja ya kujibu, kwa zamu, bila kukatizana. Anayetaka kupita apite.

Kisha angalieni Yusufu alivyofanya. Analia kwanza. Hawaulizi kama agizo ni la kweli. Wanapomwangukia na kusema "tu watumwa wako", ile ndoto ya miganda imetimia machoni pake, naye haitaji ndoto. Halafu anasema mambo manne, na yafaa kuyaandika yote: msiogope, mimi si badala ya Mungu, ninyi mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, nitawalisha ninyi na watoto wenu.

Shikilia jambo la tatu, kwa sababu ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Yusufu hakusema "hamkufanya kitu" wala "yamepita". Alisema mlikusudia mabaya. Kosa limeitwa kwa jina lake, ndipo rehema ya Mungu ikatajwa juu yake. Rehema iliyotajwa bila kosa kutajwa haikuwatuliza kaka hawa. Walikaa nayo miaka 17 na hofu ikabaki palepale. Soma tena 45:5-8 mbele yao: hapo Yusufu alitaja kuuzwa, lakini aliharakisha kusema ni Mungu aliyempeleka Misri mbele yao. Ni katika sura ya 50 tu ndipo wao wenyewe wamelitaja kwake kosa kuwa kosa, na yeye akalikubali kuwa lilikuwa baya.

Hapa kuna kanuni ambayo mwongozaji asiivunje kwa hali yoyote: maneno ya mstari wa 20 ni ya aliyekosewa peke yake. Aliyekosa hana ruhusa ya kuyasema, na wewe mwongozaji huna ruhusa ya kuyasema kwa niaba ya mtu. Kumwambia mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji kwamba "Mungu alikusudia kuwa mema" ni kumtupa shimoni mara ya pili. Mwana jumuiya akimwambia mwenzake hivyo, mkatize papo hapo kwa upole: "Hayo atayasema mwenyewe siku yake ikifika."

Jambo la nne ndilo linaloonyesha rehema ilivyo katika kitabu hiki. Tangu sura ya 37 hadi mwisho, Mungu hajasema na Yusufu moja kwa moja hata mara moja. Yakobo alisikia sauti usiku pale Beersheba, sura ya 46, Yusufu hakusikia. Rehema imekuja kama nafaka. Imepimwa, imejaa magunia, imefika kwa watoto wa watu waliouza ndugu yao. Kwa hiyo msiishie kusema "nimesamehe". Waulize: msamaha huu ungekuwa chakula, ungefika kwa nani, na kwa kipimo gani? Majibu yawe ya vitendo: kulipa ada ya mtoto wa ndugu ambaye hamsemezani, kumrudishia mjane safu ya mikorosho iliyo upande wake wa mpaka, kumpigia simu kaka aliye Dar es Salaam ambaye hakuja msibani.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mzee wa jumuiya anaweza kuamua kutumia kikao kupatanisha watu palepale: "Simameni mshikane mikono." Watashikana, kwa aibu, na mwezi wa kumi watapelekana barazani. Kaka za Yusufu walikumbatiwa na kiongozi wa nchi nzima na bado hawakuamini. Mkono ulioshikwa mbele ya watu hauthibitishi lolote.

Mambo ya mali yakianza kujadiliwa kikaoni, yaondoe. Sema: "Hili lina mahali pake." Mahali pake ni kikao cha ukoo, kinachopendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari, kisha Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa mpaka huanzia kwenye usuluhishi wa baraza la ardhi la kijiji au kata, na ukishindikana hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jumuiya haina uwezo wa kugawa miti, na ikijaribu itapoteza nguvu yake ya kuombea pande zote mbili. Tena msamaha haufuti haki: aliyesamehe anaweza kabisa kuendelea kudai shamba lake kisheria, na asiambiwe kwamba hajasamehe. Kama lililotajwa ni kupigwa, kutishiwa maisha au mtoto kudhulumiwa, usisubiri wiki ijayo. Msaidie afike polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii.

Katika mikoa yetu nyumba nyingi zina Waislamu na Wakristo mezani pamoja. Ndugu Mwislamu akikaa nanyi atakuwa anamjua Nabii Yusuf vizuri, maana sura ya 12 ya Kurani yote ni habari yake, na mambo kadhaa yamesimuliwa tofauti. Usifanye mashindano ya vitabu. Mwombe aeleze anavyoijua, msikilizeni, kisha endeleeni na mistari yenu. Mara nyingi yeye ndiye atakayetaja pale Yusuf anapowaambia nduguze kwamba leo hakuna lawama juu yao, na neno hilo litasaidia kikao chenu kusogea.

Mtu akibaki baada ya kikao

Wiki ya tatu karibu kila mara kuna mtu anayechelewa kuondoka, anakunja mikeka, anakusanya vikombe. Usimfuate kwa maswali. Kunja naye mikeka. Akianza kusema, sikiliza hadi amalize bila kumpa mstari wa Biblia. Kisha muulize mambo mawili tu: kosa lenyewe ni lipi, kwa maneno ya wazi; na nani ana haki ya kulisikia kwanza. Kama yeye ndiye aliyekosa, msaidie kupanga aende mwenyewe, asimtume mtu na asimsingizie marehemu. Sentensi zisizidi tatu: nilifanya hili, lilikuwa baya, niko tayari kurudisha hiki. Akataje hicho cha kurudisha kwa kipimo, kilo ngapi, shilingi ngapi, miti mingapi, na siku atakayoanza. Aende asubuhi, kabla watu hawajatoka shambani, na asiende siku ya msiba wala siku ya malipo.

Kama yeye ndiye aliyekosewa na bado hajaweza kusamehe, mwache na 45:1-3 tu, Yusufu akilia kwa sauti hadi nyumba ya Farao ikasikia. Mwambie kwamba ilimchukua miaka 22 kufika hapo, na umuulize kama angependa uje umwone tena baada ya wiki mbili.